Gari la Mzee Chini ya Mwembe: Kulifufua Nyumbani kwa Pesa Kidogo

Katika maboma mengi ya kaunti hii kuna gari lililolala. Mara nyingi ni Peugeot 504, lile la familia lenye mgongo mrefu lililokuwa likibeba watu na magunia hadi mjini siku ya soko. Mwenyewe alistaafu, akaugua, akafariki, na gari likabaki chini ya mwembe. Kuku wanatagia kiti cha nyuma, watoto wanachezea usukani, na kila baada ya miezi michache mnunuzi wa vyuma chakavu hupita akitaja bei kwa kilo.

Watoto wa marehemu huwa wamegawanyika. Mmoja anataka liuzwe kabla halijaoza kabisa. Mwingine anataka lifufuliwe kwa sababu ni kumbukumbu ya baba, na pia kwa sababu bomani hamna gari jingine la kumpeleka mama kliniki. Wote wawili wana hoja. Kabla hawajakosana, yapo majaribio 2 yasiyogharimu karibu chochote ambayo yanaweza kuwaonyesha kama kazi hiyo inawezekana. Na ikiwezekana, kuna mpangilio wa matumizi unaoamua kama gari litafika barabarani au litarudi chini ya mwembe likiwa vipande.

Magari mengi yanayoanza kufufuliwa nyumbani hukwama kwa sababu yalifunguliwa yote kwa wikendi moja, pesa zikaishia kwenye rangi, na nati zikapotelea kwenye nyasi.

Mfano wa 504 unafaa kwa kuwa gari hili lilijengwa kwa barabara mbaya. Lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka wa 1968, likashinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975, na tena mwaka wa 1978 likiwa la milango 2 lenye injini ya V6. Kwa miaka mingi liliunganishwa papa hapa nchini, hivyo mafundi wa makamo waliolikulia bado wapo. Lile la kawaida la petroli lina injini ya silinda 4 na kabureta, bila kompyuta yoyote. Maelezo ya injini katika makala haya yanahusu hilo la petroli. La dizeli lina pampu ya sindano ambayo haifai kufunguliwa uani.

Karatasi kabla ya spana

Kazi ya kwanza ni kufungua bahasha ya mzee na kutafuta kitabu cha usajili wa gari. Nambari ya chasi iliyoandikwa humo ilinganishwe na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Nambari ya injini nayo iangaliwe, kwa sababu magari ya umri huu mara nyingi yalibadilishwa injini na hakuna aliyetoa taarifa.

Ikiwa jina lililomo ni la marehemu, gari hilo ni sehemu ya mirathi kama lilivyo shamba. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kujishughulisha na mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Familia huanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi, kisha hupeleka ombi mahakamani. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kwa kawaida miezi 6 hupita baada ya hati ya usimamizi kutolewa kabla ya mahakama kuithibitisha na mali kugawanywa. Hapo ndipo msimamizi anaweza kuhamisha umiliki wa gari kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, kwa mtandao wa eCitizen.

Ni safari ndefu kuliko kubadilisha gasketi. Lakini warithi wakikubaliana, muda huo unaweza kutumika kulihifadhi gari: kulifunika kwa turubai lisilobana ili unyevu usifungiwe ndani, kuliinua kwenye matofali mazito au magogo ili magurudumu yasikae ardhini, na kuwahamisha kuku.

Kwa gari lililonunuliwa kwa jirani, muuzaji ndiye huanzisha uhamisho katika akaunti yake, na mnunuzi hukubali katika yake. Kitabu kikiwa kimepotea, taarifa ya polisi ndiyo hufungua njia ya kuomba kingine. Familia inayoruka hatua hizi huenda ikajikuta na gari linalonguruma vizuri lakini lisiloweza kuuzwa kihalali, na ambalo kampuni ya bima inaweza kulikataa.

Majaribio 2 ya bure

La kwanza hufanywa kwa bisibisi. Gari la 504 la abiria halina chasi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chasi. Kwa hiyo kutu kwenye mlango ni aibu tu, lakini kutu kwenye boksi za chuma zinazopita chini ya milango, kwenye sakafu, na pale springi na shokabsoba zinapofungwa ni hatari kwa maisha. Anayekagua alale chini, gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, agongegonge na kuchoma sehemu hizo kwa ncha ya bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kadibodi na bisibisi huzama. Mazulia yainuliwe pia, kwa kuwa maji yanayopenya kwenye mpira wa kioo cha mbele hutuama miguuni mwa dereva.

Tundu moja au mawili kwenye sakafu hukatwa na kuchomelewa bati jipya. Ikiwa boksi za pande zote mbili zimeoza na springi za nyuma zimeshika kwenye chuma kinachomeguka, basi yule mtoto aliyetaka kuuza ndiye aliyeona mbali. Hata hivyo auze kwa mfanyabiashara mwenye leseni, kama inavyotakiwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015, na NTSA iulizwe namna ya kuliondoa gari katika orodha ya usajili.

Jaribio la pili ni la injini, na hapa subira inaokoa pesa nyingi kuliko spana yoyote. Kosa la kawaida ni kuleta betri ya kuazima na kuzungusha ufunguo siku ile ile. Injini iliyolala miaka 10 haina oili kwenye kuta za silinda, na pete za pistoni huenda zimeshikana na kuta kwa kutu. Kuilazimisha kwa stata kunaweza kuvunja pete au kukwangua silinda.

Plagi zote 4 hufunguliwa kwanza. Kila silinda hutiwa vijiko vichache vya oili laini, au oili iliyochanganywa na dizeli, kisha mashimo hufunikwa kwa vitambaa safi na gari huachwa siku kadhaa. Baada ya hapo, gia ikiwa huru, fundi hushika nati ya puli ya krenki kwa spana ndefu na kujaribu kuizungusha taratibu, robo mzunguko mbele na nyuma. Ikikataa, oili huongezwa na siku nyingine kupita. Injini nyingi zilizotangazwa zimekufa huachia katika wiki ya pili.

Wakati huohuo kijiti cha kupimia oili huchomolewa. Oili nyeusi ni ya kawaida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inamaanisha maji yameingia, na mara nyingi ni gasketi ya hedi.

Injini ikizunguka kwa mkono mizunguko kamili bila kukwaruza, na bisibisi isizame mahali pa hatari, gari linafaa kutumiwa pesa.

Kusimama kabla ya kwenda

Tuseme familia imekubaliana kuweka kando Sh5,000 kila mwezi. Kishawishi kikubwa ni kuzitumia kusikia injini ikinguruma, na hilo linaeleweka. Lakini gari likishawaka, kuna kijana atakayelipeleka hadi dukani, na breki zake zina umri wa kaburi la mzee. Breki, usukani na tairi zitengenezwe kabla ya injini kuwashwa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Katika gari lililolala, unyevu huo huozesha masta silinda na silinda ndogo za magurudumu kutoka ndani, huku mipira ikikauka. Mara nyingi silinda zenyewe haziharibiki zote. Zisizo na vidonda vya kutu ndani husafishwa na kuwekwa seti mpya ya mipira, ambayo ni nafuu kuliko silinda nzima. Mipira hiyo huoshwa kwa mafuta ya breki pekee, kwani petroli na oili huifanya ivimbe. Paipu za mpira zinazokwenda kwenye magurudumu hubadilishwa hata zikionekana nzima, kwa sababu huziba kwa ndani. Kazi ikikamilika, mtu akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia dakika nzima. Ikizama polepole, mafuta yanavuja mahali fulani na gari halijamaliza matibabu.

Tahadhari moja ambayo mafundi wengi huipuuza: vumbi la ndani ya breki za zamani linaweza kuwa na asbestosi, inayosababisha saratani ya mapafu. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa mashine. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa.

Tairi husomwa ubavuni. Tarakimu 4 za mwisho za alama ya kiwandani ni wiki na mwaka: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2014. Tairi ya umri huo inaweza kuwa na meno yote na bado ikapasuka, kwa sababu mpira umekauka. Hapa pasiwe na mitumba.

Kuamsha injini

Mafuta yaliyobaki tangini hutolewa yote. Petroli ya miaka mingi hunuka kama vanishi na huacha gundi kwenye matundu membamba ya kabureta. Tangi lenye kutu hushushwa, hutiwa kokoto safi na dizeli kidogo, hutikiswa, kisha husuuzwa hadi kinachotoka kiwe safi. Paipu za mpira za mafuta na chujio ni vitu vya bei ndogo. Vibadilishwe vyote, kwa kuwa paipu iliyokatika juu ya injini ya moto ndiyo huteketeza magari ya aina hii.

Oili mpya na chujio jipya huwekwa. Pointi za ndani ya distributa husuguliwa kwa msasa laini na nafasi yake kuwekwa milimita 0.4. Kisha, waya wa koili ukiwa umechomolewa, injini huzungushwa kwa stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili kwenye dashibodi izime. Ndipo waya hurudishwa. Mara nyingi huwaka kwa moshi mwingi, ambao ni ile oili iliyotiwa kwenye silinda, na hupungua ndani ya dakika chache.

Kuna jambo moja ambalo mwenye 504 anapaswa kulijua hata kama hatashika spana maishani. Silinda za injini hii ni slivu zilizochomekwa kwenye bloku na kuzungukwa na maji, zikiwa na mipira au gasketi nyembamba chini yake. Kinachozikandamiza mahali pake ni hedi. Fundi aliyezoea injini ambazo silinda zake zimechongwa ndani ya bloku yenyewe akifungua hedi na kuzungusha krenki, slivu huinuka pamoja na pistoni, gasketi za chini huachia, na maji huanza kuingia kwenye oili. Hapo kazi ya siku moja hugeuka kuwa ya kushusha injini nzima. Kinga yake ni bolti chache na washa pana za kushikilia slivu muda wote hedi iko nje. Mwenye gari aulize mapema: “Fundi, slivu utazishika na nini?” Jibu litampa picha ya aliyesimama mbele yake.

Feni ya redieta nayo ina sumaku ya umeme inayoishika maji yanapopata joto. Katika magari mengi ilishaharibika na fundi wa zamani akaifunga kwa bolti izunguke daima. Inafanya kazi hivyo, kwa kelele na mafuta zaidi kidogo. Familia yenye Sh5,000 kwa mwezi iiache ilivyo.

Vyuma na rangi

Nyaya hukaguliwa kipande kwa kipande, hasa pale panya walipotafuna. Fyuzi iliyoungua isizibwe kwa karatasi ya sigara.

Kuhusu bodi, adui ni puti. Puti iliyopakwa juu ya kutu huonekana vizuri kwa msimu mmoja, huku chuma kikiendelea kuliwa chini yake. Kilichooza kikatwe, bati jipya lichomelewe, kisha rangi ya kuzuia kutu ipakwe ndani na nje. Kabla ya kuchomelea, betri hutolewa na tangi la petroli huondolewa kabisa garini. Tangi tupu lenye mvuke hulipuka kwa urahisi kuliko lililojaa.

Rangi ni ya mwisho, na inaweza kungoja mwaka. Ikiwa itabadilishwa kutoka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, NTSA lazima ijulishwe, kama ilivyo kwa injini iliyobadilishwa.

Spea, mafundi na daftari

Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ndiko wengi huelekea kutafuta spea, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji hukunja mabati kwa kipimo chochote. Lakini mara nyingi spea za bei nafuu zaidi za 504 ziko kijijini, kwenye 504 nyingine iliyoshindwa jaribio la bisibisi. Gari bovu la jirani, likinunuliwa zima na karatasi zake, linaweza kutoa milango, vioo, taa, redieta na gia boksi. Vya usalama, yaani mipira ya breki, paipu, tairi na vishikio vya usukani, vinunuliwe vipya.

Kila kipande kinachofunguliwa kipigwe picha kwa simu kabla na baada. Bolti za sehemu moja ziwekwe kwenye mkebe wake wa Kimbo wenye karatasi ya jina. Na sehemu moja ikamilike kabla nyingine haijafunguliwa, ili pesa zikikatika mwezi wa ada ya shule, gari libaki limesimama kwenye magurudumu yake. Fundi alipwe kwa kazi iliyokamilika, spea anunue mwenye gari, na kilichotolewa kirudi mkononi mwa mwenyewe.

Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010. Mkazi anaweza kuuliza katika chuo kilicho karibu ikiwa wanafunzi wa umekanika, wakiwa na mwalimu wao, wanaweza kufanyia mazoezi gari lake. Kijana anayejiandaa kwa mtihani wa NITA hufaidika kushika injini inayoonekana yote, na mwenye gari hupunguziwa gharama ya mikono. Yote hayo yaandikwe na kukubaliwa kabla gari halijasukumwa.

Hatari za uani

Jeki ni ya kuinulia gari tu. Haishikilii gari wakati mtu yuko chini yake. Stendi za chuma au magogo mapana yawekwe kwenye ardhi ngumu, magurudumu yaliyobaki yazibwe kwa mawe, na gari litikiswe kwa mkono kabla ya mtu kuingia chini. Tofali jepesi la simiti lenye matundu hupasuka bila onyo. Petroli isikae karibu na jiko, na isiwekwe kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuinywa.

Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro wala shimo la choo, kwani hatimaye hufika kwenye kisima au mto. Ikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na kupelekwa gereji inayokusanya oili iliyotumika. Betri kuukuu isivunjwe nyumbani kwa ajili ya risasi iliyomo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walikaa mahakamani miaka mingi kwa sababu ya sumu ya risasi iliyotokana na kuyeyusha betri, na waathiriwa wengi walikuwa watoto.

Wakazi wa mijini wakumbuke pia kwamba barabara ya mtaa si gereji. Gari lililoinuliwa kwenye mawe mbele ya lango huzuia wazima moto na wazoa taka, na jirani ana haki ya kulalamika.

Kabla ya safari ya kwanza, bima ya kulinda watu wengine ni lazima kwa mujibu wa Sura ya 405, hata kama gari linakwenda kilomita 2 tu. Ukaguzi wa NTSA unafaa hata pale mwenyewe ana hakika na kazi yake, kwa sababu mkaguzi hakukaa miezi 14 akilipenda gari hilo. Wiki za mwanzo ziwe za safari fupi za mchana, mtu akiwa na maji, spana na simu yenye chaji. Baada ya kilomita 500 oili humwagwa na kubadilishwa tena, kwa kuwa hubeba uchafu wote uliolala, na nati za magurudumu na za usukani hukazwa upya. Mama akianza kupelekwa kliniki na gari lenye mabaka ya rangi ya kuzuia kutu, hilo si kosa la trafiki. Mabaka yanaweza kungoja masika yapite.